Vazi la Ilza

Walinipigia simu kutoka studio, hapa Lodz,
nakatakata kabichi.
"Mama Genowefa, Ilza anarudi.
Lile vazi lake bado unalo?"
Kama mtu anayeazima ngazi.

Ninalo. Liko juu ya kabati, ndani ya foronya,
tangu ile Jumapili ya Desemba watoto walipowasha televisheni
wakakuta mtangazaji kavaa sare ya jeshi.
Sehemu ya tisa haikuonyeshwa.
Ilza akabaki nje ya chombo, kamba mkononi,
mlango umekomewa kwa ndani,
hewa imebaki ya dakika kumi na moja.
Miaka arobaini na mitatu anaivuta hewa hiyo.

Na watu wakangoja. Nimewaona:
daktari wa meno aliyempa bintiye jina lake,
dereva wa tramu mwenye picha yake ndani ya kofia,
na huyu Tymon, mwongozaji, ambaye alikuwa hata hajazaliwa,
kurithi kungoja kwa baba yake
kama wengine wanavyorithi pua.

Wiesława Drabik akaja kupimwa.
Miaka sabini na miwili, goti la bandia,
ngazi za ghorofa nne, kila kidato na tusi lake.
Vijana wa kompyuta walitaka kumrudishia uso wa zamani.
"Ule niliutumia," akawaambia. "Umekwisha."

Nikamvika. Zipu ikagoma mgongoni, imepungua upana wa kiganja.
Tulicheka hadi pini zikanitoka mdomoni.
Vazi lenyewe, ukilisogelea, ni umaskini mtupu:
bomba la hewa ni mpira wa mashine ya kufulia,
kipimo cha kifuani nilikichomoa kwenye mizani ya bafuni kwetu,
nishani ya uhandisi ni kifuniko cha chupa ya jamu.
Kile kitambaa cha rangi ya fedha, kiwanda chake kilivunjwa,
siku hizi pale wanauza viatu.

Kufumua nitafumua. Nitie nini?

Usiku nikaikumbuka anga.
Ilikuwa kaniki, mita kumi na nne.
Mimi nilitoboa nyota kwa msumari,
Lucjan akapanga balbu nyuma yake,
na kila jioni alipanda kubadilisha moja, akinung'unika:
"Kilimia kimeungua tena, Genia."
Mwezi wa Machi alivuka mpaka na sanduku moja.
Alisema wiki mbili.
Huyo hana studio ya kumrudisha.

Kipande cha anga kilikuwapo, nafunikia cherehani.
Nikakikata mara mbili, nikakishona chini ya makwapa,
mahali ambapo kamera haina shughuli.

Siku ya kupiga picha nilikaa nyuma, kiti cha plastiki.
Mlango wa chombo ukafunguka.
Mafundi wa taa, na ndevu zao, kimya
kama watoto walioruhusiwa kuchelewa kulala.
Ilza akaingia polepole, goti lile,
akawatazama wageni hawa wote
waliokalia viti vya wenzake waliokufa.
"Nani aliyefunga?" akasema,
na hakusema kwa hasira, ingawa karatasi ilitaka hasira.

Kisha akainua mkono, ashike kizingiti apumzike.
Taa ya nyuma yake ikapenya kwapani:
vitone sita vya mwanga
vikipanda na kushuka kwa pumzi yake.

Tymon akaniinamia. Nini kile,
kasoro? Tukifute?

Acha, nikamwambia. Ni Kilimia.
Kimoja kimeungua.